Wimbo Niliojifunza Bila Kuusikia

Juzi binti yangu mkubwa alinikuta mezani nikibonyeza kinanda ambacho hakikuwashwa. Alisimama mlangoni na sahani mkononi, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, iwapo nilijua kwamba kile kitu kina waya. Nikamwambia najua. Akauliza tena kwa nini basi siuchomeki, nami nikasema sitaki kumwamsha mdogo wake. Mdogo wake alikuwa uani anacheza, na sote wawili tulikuwa tunamsikia.

Kinanda hicho nilikinunua mwenyewe, ukubwani, baada ya kukitamani muda mrefu, na tangu kifike nyumbani kazi yake kubwa imekuwa kubeba nguo zilizopigwa pasi. Nyinyi wa rika langu mnaelewa. Asubuhi ni ya duka, mchana ni ya wateja, jioni ni ya sufuria na masomo ya watoto, na ukisema sasa nikae kidogo na jambo langu mwenyewe, ndipo jirani anapobisha hodi kuomba chumvi. Siku nikipata nafasi nahamisha nguo, nakaa, na vidole vinaanza vyenyewe bila kungoja umeme. Ndivyo vilivyojifunza. Vilijifunza kwenye kinanda bubu, mtaani Mudzipela, wakati ule nilipoishi mjini Bunia bila mama yangu.

Mama alikuwa akiuza samaki Kasenyi, chini ziwani. Baba simkumbuki, nyumba yetu ilikuwa mimi na mama. Ulikuwa wakati wa amani, lakini amani ya kulala na viatu. Watu hawakusema kuna amani, walisema kumetulia kidogo, na hilo "kidogo" walilitamka polepole kuliko maneno mengine. Magari meupe ya askari wa kulinda amani yalipita barabarani mchana kutwa, na bado kila nyumba niliyoijua ilikuwa na furushi lililofungwa tayari nyuma ya mlango. Kasenyi tulikuwa tumekimbia na kurudi, tukakimbia tena na kurudi, mpaka siku moja mama akanipandisha kwenye lori la samaki na kunileta Bunia kwa dada yake. "Utabakia hapa mpaka kutulie kabisa," akaniambia. Kutulia kidogo nilikujua. Kutulia kabisa sikujua kunafananaje, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nachungulia nje kuona kama kumefika.

Mama Mukubwa, ndivyo nilivyomwita huyo dada yake, hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi mapema kwa sababu hadithi za watoto walioachwa kwa ndugu huwa zina mwanamke mkali ndani yake. Alinilisha alichokula yeye. Lakini alikuwa mtu wa kazi, asiye na maneno, mwenye mume aliye mbali kikazi, mtoto mchanga aitwaye Neema, na meza ya samaki sokoni. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa bidoni, dumu la maji, siku ile ile niliyofika, kabla vumbi la lori halijanitoka kichwani. Nilichota maji kabla ya shule, nikitoka shule nikambeba Neema mgongoni, nikaenda sokoni kufukuza nzi juu ya samaki, nikarudi kuwasha makaa. Muda wote ulikuwa wa watu wengine.

Jioni nyumba ilikuwa kimya. Mimi nilizoea mama anayeongea hata akiwa usingizini, na kimya kile kilinilemea. Watoto wa jirani waliniita Samaki na kuziba pua nilipopita. Mzigo wa mama ulipofika na lori, umefungwa kwa kipande cha kitenge chake cha zamani, nilikuwa natia uso wangu kwenye kile kitambaa kabla Mama Mukubwa hajakifua. Nilikuwa mpweke, na sikuwa na neno la kuuita upweke wangu. Nilidhani ni tumbo. Nilimwambia Mama Mukubwa tumbo linaniuma, naye akanipa maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Kanisa lilikuwa karibu na nyumbani, la matofali ya udongo na bati. Kinanda, piano kama wote tulivyokiita, kilikaa mbele chini ya kitambaa cheupe kilichoshonwa maua. Kililia Jumapili tu, kwa sababu kilihitaji jenereta, ile tuliyoiita grupu, na grupu ilihitaji esanse, yaani petroli, na esanse ilitafutwa kwa shida, ya kutosha Jumapili moja tu. Mpigaji alikuwa Ya Jospin, "Ya" ikiwa ni kaka, kijana aliyebeba abiria kwa pikipiki wiki nzima na kuvaa shati jeupe siku ya Bwana. Mara ya kwanza nilipomsikia nilikuwa benchi la nyuma, Neema amelala mapajani mwangu, na tangu nitoke Kasenyi hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kwanza ambayo sikujiona kama kitu kilichosahauliwa mahali. Sijui kulieleza zaidi ya hapo.

Lakini mtoto naye ana hesabu zake. Kanisa letu la Kasenyi lilikuwa na ngoma tu. Mchungaji wa kule alizoea kulalamika, na mama kumcheka, kwamba siku akipata mtu wa kupiga piano hatamwachilia aende popote. Nikapanga hivi: nikijua kupiga, watanihitaji, wakinihitaji, mama atakuja kunichukua, kuwe kumetulia kabisa au bado. Jambo lilikuwa wazi kama mchana. Piano ya kupigia Kasenyi ingetoka wapi, hilo nilimwachia mchungaji.

Shida ilikuwa namna ya kuifikia. Wamama wa kanisa walikuwa na zamu ya kufagia, na kila mmoja zamu yake ikifika alikuwa na mgonjwa, au soko, au mgongo. Nikaomba nifagie mimi. Mama Rebeka, aliyewaongoza wamama na ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, alimfuata Mama Mukubwa mpaka sokoni kumpongeza.

"Huyu mutoto ya dada yako iko na roho ya Mungu," akasema. "Siye wakubwa tunakimbia ufagio, yeye anauomba."

"Ufagio ya kanisa, ndiyo, anauomba," Mama Mukubwa akajibu. "Ya nyumba bado sijamusikia." Kisha akanigeukia. "Fagia. Lakini maji njo ya kwanza."

Nilifagia mbio, kutoka mbele hadi mlangoni, Neema akirukaruka mgongoni, kusudi mwishoni kibaki kijinafasi kabla sijaanza kuitwa. Nilifunua kile kitambaa na kuweka vidole. Meno ya kinanda, ndivyo nilivyoyaita, yalishuka na kupanda yakitoa mlio mdogo wa plastiki, kama mtu anayekata vitunguu chumba cha pili. Kila Jumapili nilikuwa nakodolea mikono ya Ya Jospin, na nilichagua wimbo mmoja wa shukrani ambao Mama Rebeka hakuukosa hata wiki moja. Wimbo niliujua kwa masikio, mikono niliijua kwa macho, na kazi ilikuwa kuvikutanisha hivyo viwili.

Ya Jospin alinikuta hapo alasiri moja alipopita kuchukua koti lake la mvua.

"Weye unafanya nini pale?"

"Haiwake," nikasema, maana hilo ndilo lililonijia.

"Najua haiwake. Grupu iko kwangu." Akasogea karibu. "Endelea, nione."

Nikaendelea. Hakucheka. Alitazama mikono yangu, akaanza kuimba taratibu, akinipa sauti ambazo kinanda kilininyima, na nilipokosea aliacha kuimba mpaka nikarudi njiani. Akanionyesha jinsi kidole gumba kinavyopita chini ya wenzake, jambo ambalo mpaka siku hiyo nilikuwa nalidhani ni uganga.

"Siku zote anzia hapa, ku hii ya nyeupe," akasema. "Hizi nyeusi mi mwenyewe siziwezi."

"Ya Jospin, weye unapata wapi saa ya kujifunza?"

"Sipate. Nikisimamisha piki, muteja anapanda ya mwingine. Tangu ninunue ile piki sijajifunza wimbo mupya." Akanitazama na ufagio wangu. "Weye iko na bahati. Iko na ufagio."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia nina bahati, na nililibeba neno hilo mpaka nyumbani. Siku chache baadaye mama akatuma neno kwa dereva wa lori: atapanda Bunia kwa sikukuu ya mavuno, Jumapili ambayo kila familia huleta mbele ya kanisa kilichotoka shambani, zizini au ziwani. Nikakimbia kumwambia Ya Jospin. Akasema basi siku hiyo nitapiga mimi ule wimbo wa shukrani, mbele ya watu, na yeye atashughulika na grupu.

Kuanzia hapo muda wa watu wengine nikaanza kuumega vipande. Kwenye foleni ya maji nilipiga juu ya bidoni. Darasani nilipiga chini ya dawati mpaka mwalimu akauliza ni panya gani huyo. Sokoni nilipiga ukingoni mwa meza ya samaki, na Mama Mukubwa akawaambia wateja nimepatwa na kitu cha mikono. Nikimbeba Neema, miguu yake ilining'inia kiunoni kwangu pande zote mbili, na mimi niliipiga ile miguu, wa kulia wimbo, wa kushoto sauti nzito, naye alicheka mpaka akapata kwikwi. Ni yeye peke yake aliyekuwa akinisikiliza. Usingizini nilikuwa namwona mchungaji wa Kasenyi amesimama ufukweni, ananipungia mkono nishuke.

Jambo moja tu sikulielewa, na sikuuliza kwa sababu nilidhani nimelielewa. Kanisani kwetu hakuna aliyempa mwimbaji sauti ya kuanzia. Mama Rebeka alianza wimbo pale koo lake lilipoamkia siku hiyo, juu au chini, na piano ikamfuata. Kila alipoanza, Ya Jospin aliinamisha kichwa, akafumba macho, midomo ikatikisika, na kidole chake kikabonyeza kitufe kidogo cha pembeni, siku nyingine mara moja, siku nyingine mara kadhaa. Kisha ndipo mikono yake ilipoanza. Niliona wazi kwamba anasali, na kwamba kile kitufe ndicho anachogongea hodi. Nikajifunza na hilo pia. Kila siku baada ya kufagia niliinamisha kichwa, nikafumba macho, nikaomba, nikabonyeza, ndipo nikapiga.

Mama alifika Jumamosi, amekaa juu ya magunia, kope zake nyekundu kwa vumbi. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akanisukuma nyuma kunitazama, akanivuta tena. Jioni hiyo Ya Jospin alikuwa ameniita nije grupu ikiwa inawaka, nijisikie kabla ya siku yenyewe, lakini kulikuwa na samaki wa kushusha, na mama wa kukaa naye, na sikwenda. Mama aliongea mpaka taa ikaisha mafuta. Mitumbwi ilikuwa inavuka tena kwenda Uganda, alisema, watu walikuwa wanalala ndani ya nyumba zao. "Kumetulia," akasema. Nikangoja neno "kidogo" lifuate, halikufuata. Nililala nimemshika mkono.

Kesho yake mbele ya kanisa kulikuwa na mihogo, maharagwe, kuku waliofungwa miguu, mbuzi mmoja asiyetaka kukaa kimya, na samaki wetu. Ya Jospin alinikalisha kwenye kiti chake, akatoka nje kushikilia grupu ambayo asubuhi hiyo ilikuwa inakohoa. Watu wakanong'ona. Mama Rebeka akaanza wimbo. Mimi nikainamisha kichwa na kufumba macho, nikasema kimoyomoyo, Mungu, nirudi na mama yangu, nikabonyeza kile kitufe, nikaanza.

Sauti ilinishtua. Sikuwa nimewahi kusikia vidole vyangu. Kila kidole kilikuwa mahali pake na bado wimbo haukuwa mahali pake. Wamama walikuwa upande wao na mimi upande wangu, kama watu wawili wanaobeba meza moja, kila mmoja anaelekea mlango wake. Mmoja mmoja wakanyamaza. Mama Rebeka naye akanyamaza. Nikabaki mimi na yule mbuzi. Niliendelea kupiga, si kwa ujasiri, ila kwa sababu katika kujifunza kwangu kote sikuwa nimejifunza kusimama katikati. Machozi yalikuwa yanashuka na mikono ilikuwa na kazi, sikuweza kuyafuta.

Ndipo nikasikia sauti moja kutoka nyuma kabisa. Mama hakujua lolote la piano. Alikuwa muuza samaki mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya maji. Alikuwa amesimama, amesikiliza kwanza nilipokuwa, kisha akauanzisha wimbo upya pale pale nilipokuwa mimi. Mama Rebeka akamgeukia, akasikiliza, akaingia naye. Wamama wote wakaingia. Ilikuwa juu kuliko walivyozoea, na wazee wengine walibaki wakifungua midomo tu, lakini kanisa lilijaa, na mimi nilikuwa katikati yake. Mpaka leo sijapata tena furaha ya namna ile.

Baada ya ibada Ya Jospin alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ile kitufe ya kufinya haiko ya maombi," akaniambia. "Njo inapandisha sauti. Mama Rebeka anaanza fasi anapenda, mi nasikiliza, namutafuta nayo. Weye ulifinya bila kumutafuta."

Sikujali. Wimbo ulikuwa umekwisha vizuri, mama alikuwa amesikia, kanisa zima lilikuwa limesikia. Nilikwenda nyumbani mbio nikakunja nguo zangu, nikaziweka kwenye mfuko, nikakaa juu ya kitanda kungoja. Mama na dada yake walikuwa uani, wanaosha vyombo, na dirisha lilikuwa wazi.

"Abakie hapa," nikamsikia mama anasema. "Nimeona leo. Kule Kasenyi piano haiko, hata mutu wa kumuonyesha haiko. Nikimushusha, ile akili ya mikono yake itakufia mu samaki."

"Iko mutoto wa kazi," Mama Mukubwa akasema. "Mi sina neno."

Mama akaingia, akanikuta na mfuko wangu, akadhani ni nguo za kufua. Akakaa karibu nami. Uso wake ulikuwa unang'aa. Akaniambia nitaendelea kujifunza, kwamba kila sikukuu atapanda kunisikia, kwamba Mungu amenipa kitu na yeye hatakuwa mtu wa kukiharibu. Nikasema ndiyo, mama. Nikausukuma mfuko chini ya kitanda. Asubuhi lori lilimshusha ziwani, nami nikabaki barabarani na bidoni. Nilimchukia Ya Jospin, nikalichukia kanisa, nikavichukia vidole vyangu mwenyewe vilivyonifungia mlango. Niliendelea kufagia kwa sababu wamama walishazoea, ila kile kitambaa cheupe sikukigusa. Kisha siku moja, bila kupanga, nikakifunua. Hakukuwa na kitu kingine Bunia nzima kilichokuwa changu.

Nilibaki kwa Mama Mukubwa mpaka nikamaliza shule. Mama alitimiza neno lake, alipanda kila sikukuu na kukaa nyuma, na kila alipopanda nilipiga vizuri zaidi kuliko mara iliyopita. Tulikuwa tunapendana kama watu wanaotembeleana.

Mimi nilikuwa tayari na watoto wangu siku aliponiambia. Alikuwa amehamia kwangu, magoti yamekataa soko, na tulikuwa tumekaa chini tunatoa uchafu kwenye ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya chumvi ya zamani.

"Ile sikukuu ya mavuno, mi nilipandaka kusudi nikuchukue. Dereva alikuwekea fasi mu lori. Kisha ukapiga ile piano, nikaona haiwezekane."

Samaki alibaki mkononi mwangu.

"Mama," nikasema, "mi nilipiga kusudi unichukue."

Akainua macho. Niliona anarudi nyuma, anapita mwaka hadi mwaka, anatafuta mahali pa kunikuta.

"Ungeniambia tu," akasema.

Nilikuwa mtoto, na asubuhi ile yote, mbele ya kanisa zima, nilidhani ndicho ninachomwambia.